Kutafsiri Dhambi za Wengine

Mwezi uliopita niliwakabidhi ninyi wakalimani wapya maikrofoni, na tangu siku hiyo kila sentensi ninayoianza naimaliza mwenyewe. Bado hamjui utamu wa jambo hilo. Kwa miaka kumi hivi nimesimama hatua moja nyuma ya wahubiri wa mtaa wetu wa kanisa, kutoka Ekerenyo hadi Sironga, nikigeuza Kiswahili chao kuwa Ekegusii, lugha ya kwetu, na wakati wa makambi ya mahubiri nikiazimwa na wenzetu wa Ogembo. Mama hucheka akinisikia nikisema nimestaafu. Anasema mtu hustaafu akiwa na mvi, na mimi nina miaka thelathini na tatu na meno yote kinywani. Huenda ni kweli. Lakini koo lina umri wake, na langu limeshahubiri zaidi ya wachungaji kadhaa.

Mliniomba niwaandikie kazi ilivyo. Vyeo havimo katika kazi hii, kwa hiyo hamtasoma juu ya vyeo. Nitaanza na jambo ambalo baadhi ya wazee wa kanisa wangependa niliache: niliingia kazini nikiwa na shaka, na ninatoka nikiwa na shaka. Si shaka ileile, lakini ipo. Mkiwa nayo, msidhani mmeikosa kazi.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, nikarudi nyumbani Ekerenyo kuchuma chai. Falsafa haikunisaidia kuchagua majani mawili na kichipukizi, na mama alinikumbusha hilo kila asubuhi. Wakati huo kanisa letu lilikuwa limepokea mchungaji mpya kutoka Taita, Mchungaji Mwakio, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio. Wazee wetu walikisikiliza wakitikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaopewa habari za nchi nyingine. Ndiyo maana alihitaji mkalimani.

Mkalimani wetu alikuwa Mzee Onchari, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sabato moja alikuja na mafua, sauti imekauka, akasimama mbele ya kanisa na kuninyooshea kidole. Hakusema lolote, kwa sababu hakuweza. Watu wakageuka kunitazama. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

Somo la siku hiyo lilikuwa namna dhambi inavyomtenga mtu na Mungu. Mchungaji aliufananisha utengano huo na ukuta. Nilitafsiri sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufika ya nne, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza maneno yake: kama Mungu yuko kila mahali, yuko upande upi wa ukuta? Na kama yuko pande zote mbili, ni nani aliyetengwa na nani? Nilipokuwa nikifurahia swali hilo, Mchungaji alikuwa amemaliza sentensi ya tano na ananisubiri. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza kwa sauti kama nimelala.

Hilo ndilo funzo la kwanza, na sijapata jingine lililo kubwa kulizidi. Huwezi kubishana na kutafsiri kwa wakati mmoja. Shaka yako iweke mfukoni mpaka saa ya chakula. Itakuwa ingali na joto.

Mzee Onchari alipopona hakuitaka tena maikrofoni. Alisema amechoka kusimama, na kwamba vijana wenye digrii wanahitaji kazi ya kuwapunguzia kiburi. Badala yake alinifundisha. Usisimame sambamba na mhubiri, simama nyuma kidogo, upande wa mkono anaoshikia Biblia, maana ule mwingine ataurusha. Akiomba, usifumbe macho, utakosa ishara zake. Usiongeze. Usipunguze. Usimrekebishe, hata akisema Yona alimezwa na mamba. Usile muwa asubuhi ya Sabato. Mvua ikipiga mabati kwa nguvu, funga mdomo na umguse mhubiri mgongoni. Wengine huendelea kupiga kelele wakidhani ni majaribu ya shetani, kumbe ni saa nane tu, na saa nane Nyamira hunyesha.

Na zaidi ya yote: mkalimani hasemi "Mchungaji anasema." Anasema "mimi." Mhubiri akisema "mimi ni mwenye dhambi," nawe useme mimi ni mwenye dhambi, kwa uzito uleule. Kwa njia hiyo nimekiri dhambi nyingi kuliko mtu yeyote katika mtaa huu, na nyingi kati yake sikuwahi kupata nafasi ya kuzitenda.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi. Mgeni mmoja kutoka mjini alikuja kwenye makambi kutueleza Siku ya Upatanisho ya Waisraeli: mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, mwingine anawekewa dhambi za watu kichwani na kupelekwa jangwani peke yake. Alipofika kwa yule wa pili niliona wanaume wakitazamana. Baada ya ibada mmoja wao alinivuta pembeni akaniuliza huyo mbuzi aliachwa hivihivi kweli, bila mtu wa kumchunga? Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akaguna. Akasema hapa kwetu asingefika hata barabara ya lami, na dhambi zote zingeliwa pamoja na ugali.

Nilicheka, lakini somo lile lilinisumbua. Nilimfuata Mzee Onchari nyumbani kwake, nikamkuta akimenya ndizi mbichi pamoja na mkewe, nikamwaga maswali yangu yote. Kwa nini Mungu asisamehe tu? Baba akimsamehe mtoto, anadai damu kwanza? Na kama kuna malipo, analipwa nani? Mungu anajilipa mwenyewe? Onchari aliendelea kumenya. Alinijua, na aliniita Mwanafalsafa tangu siku ile ya ukuta.

"Mwanafalsafa," akasema, "umewahi kusamehewa na mtu ambaye hakuumia?"

Nikafikiri. Nikasema sijui.

"Basi fikiri vizuri, halafu uje unisaidie kumenya."

Miaka ikapita, nikaendelea na kazi, na swali lile likabaki kama kokoto ndani ya kiatu. Ni Mzee Mokaya aliyenifanya nivue kiatu.

Kabla sijawaambia habari zake, mnajua nyote huduma ya kutawadhana miguu, lakini niieleze kwa ajili ya yeyote atakayesoma asiyekuwa wa kanisa letu. Kila robo ya mwaka, kabla ya mkate na maji ya zabibu vya Meza ya Bwana, watu hugawanyika wawili wawili. Wanawake hubaki ndani, wanaume hutoka nyuma ya kanisa kwenye mabenchi. Mmoja anapiga magoti na kumwosha mwenzake miguu katika beseni, kisha wanabadilishana. Waliokosana wanatakiwa kutafutana hapo. Mjomba wangu Mkatoliki hutania kwamba wao humwambia padri, sisi tunaliambia beseni.

Lakini kwetu huoshani na yeyote tu. Wazee kwa wazee, vijana kwa vijana. Baba na mwana hawaoshani hata kidogo, kwa sababu ya ensoni. Ensoni ni heshima yenye aibu ndani yake, uzio ulio kati ya mzazi na mtoto aliyeshakuwa mtu mzima. Mwana hakai kitandani pa baba yake, havui nguo mbele yake, hafanyi naye utani wa ovyo. Na baba hajishushi mbele ya mwanawe. Hakuna anayekufundisha hayo. Unakua ukiyajua, kama unavyojua kutokanyaga moto.

Mzee Mokaya wa Sironga alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Mwanawe Hezron alipopewa sehemu yake ya shamba aling'oa chai yote akapanda parachichi, kama wengi walivyokuwa wakifanya. Miche ile ya chai baba yake aliipanda akiwa kijana, kwa mikono yake. Mzee alipofika shambani na kuikuta imelala mizizi juu, alisimama mbele ya majirani akasema mkono ulioing'oa chai yake usije ukatupa udongo juu ya kaburi lake.

Kwa mgeni hayo ni maneno ya hasira. Kwetu mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la baba yake ni mtoto aliyekatwa. Hezron alihamia Ogembo akafungua duka la dawa za mifugo na mbegu. Kisha akapata ajali ya bodaboda, akavunjika mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, ule aliokuwa akishikia jembe. Najua bodaboda huvunja mikono ya watu kila wiki, waliolaaniwa na waliobarikiwa. Nilimwambia hivyo kila aliyenisimulia kwamba ni laana. Hakuna aliyesikia, na Mzee Mokaya ndiye aliyesikia kidogo kuliko wote. Tangu ajali ile, kila siku ya Meza ya Bwana mabeseni yakitolewa, alisimama na kwenda nyumbani.

Halafu akaugua koo. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa mnong'ono, na hospitalini Kisii wakamwambia ni uvimbe mbaya, itabidi wakate, na wakishakata hatazungumza tena. Ndipo alipotuita mimi na Mchungaji.

Tuliketi sebuleni kwake mchana, mkewe akamimina chai. Mzee alikijua Kiswahili vizuri, lakini alisema mambo ya roho huyasikia kwa Ekegusii. Ilinibidi nisogeze sikio karibu na kinywa chake, kisha nimgeukie Mchungaji. Alisema amesali na amefunga, lakini anaposali anaona kama anazungumza na mlango. Kilichomtenga na Mungu anakijua: ni neno lake mwenyewe. Na neno la baba halifutwi na mtu mwingine. Aliyelitoa ndiye alirudishe, kwa kinywa kilekile, mwana akisikia na watu wakishuhudia.

"Wakinikata kabla sijalirudisha," akasema, "litabaki huko nje kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Litakula shamba la mwanangu mpaka lini?"

Mchungaji alimjibu kwa upole kwamba Kristo alishachukua dhambi zote, hata hiyo. Nikatafsiri. Mzee akatikisa kichwa. Akasema hilo analiamini. Akauliza kama Kristo alichukua pia mkono wa Hezron.

Mchungaji Mwakio alifungua Biblia yake, akaifunga. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo. Kisha uso wake ukang'aa, akasema amepata njia. Siku ya Meza ya Bwana, Hezron aje. Mzee apige magoti mbele ya kanisa lote, amwoshe mwanawe miguu, na hapo alirudishe neno lake.

Niliacha kutafsiri. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba hilo kwetu halifanyiki.

"Ni dhambi?"

"Si dhambi, Mchungaji. Ni ensoni."

"Kristo alipiga magoti mbele ya Petro. Mzee Mokaya ni nani asipige? Tafsiri, ndugu."

Nikatafsiri, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Mama mwenye nyumba aliweka birika chini, akatoka nje. Nilimsubiri Mzee akasirike. Hakukasirika. Alifumba macho, akasema atapiga magoti. Akasema hata wakitaka avue shati mbele ya mwanawe atavua, aibu hiyo iwe ndiyo malipo yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza kila desturi ilitoka wapi na inamfaa nani. Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilimwona mzee akitafuta jambo la kumuumiza kadiri ya uzito wa kosa lake, na nikajua hiyo aibu haitaishia kwake.

Tulikwenda Ogembo kwa pikipiki ya Mchungaji. Hezron alikuwa dukani akimweleza mama mmoja namna ya kuwachanja vifaranga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwenye kiwiko. Alituona akatabasamu upande mmoja.

"Mkalimani huyo. Leo umekuja ukiwa mdomo wa nani?"

Nikamwambia wa baba yake. Akamaliza na mteja kwanza. Tulipomweleza, alisikiliza akiwa ameegemea gunia la chakula cha kuku, na Mchungaji alipofika kwenye habari ya kupiga magoti, Hezron akasimama wima.

"Alinilaani akiwa amesimama," akasema. "Sasa anataka kunilaani akiwa amepiga magoti?"

Mchungaji alinitazama, ingawa maneno yalikuwa ya Kiswahili. Hezron akamweleza mwenyewe, bila ukali. Baba akijishusha mbele yake, watu hawatakumbuka msamaha. Watakumbuka kwamba Hezron ndiye aliyemtia baba yake magotini, mgonjwa, mbele ya watoto. Hilo atalibeba yeye, na baada yake watalibeba wanawe. Alisema anataka kulisikia neno hilo kwa masikio yake, si kwa mkalimani, na kabla ya upasuaji. Lakini baba asimguse, naye asimguse baba, na wasitazamane.

Tulipokuwa tukiondoka akatuita. "Na mwambieni parachichi zenyewe zilikataa. Zilioza mizizi. Hiyo itamfurahisha kuliko nyimbo zenu."

Njiani Mchungaji alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akavua kofia ya chuma, akaniuliza kama ameharibu. Nikamwambia bado. Akaniuliza basi tufanye nini, na hilo swali nililipenda sana, kwa sababu wachungaji wengi niliowatafsiria hawakuwahi kuniuliza chochote isipokuwa kama chakula kiko tayari.

Meza ya Bwana ilikuwa Sabato ile iliyofuata, na upasuaji ulikuwa umepangwa wiki ya baada ya hapo. Nilikwenda kwa Mzee Onchari nikamweleza yote, kisha nikaanza kumhoji kama wakili. Nani anaweza kumwosha Mzee Mokaya? Akasema yeye, kwa kuwa ni wa rika moja. Nani anaweza kumwosha Hezron? Akasema wewe, mko umri mmoja. Je, mimi naweza kumgusa Mzee Mokaya? Hapana, kwako ni baba vilevile. Je, baba na mwana wanaweza kukaa benchi moja? Onchari akafikiri. Wakipeana mgongo, wanaweza.

"Na maji?" nikauliza. "Maji ya baba yanaweza kumgusa mwana?"



"Maji hayana rika, Mwanafalsafa," akasema. "Lakini mashemasi watatupigia kelele."

Sabato ilipofika wanaume tulitoka nyuma ya kanisa kama kawaida. Mzee Mokaya aliketi akitazama mashamba ya chai. Hakuondoka safari hii. Benchi lake lilibaki tupu upande wa pili, na wimbo wa kwanza ukaisha, na wa pili ukaanza. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba hatakuja, nilipoona watu wakipisha. Hezron alipita katikati yao akiwa na viatu mkononi, soksi zimesokotwa ndani. Akaketi kumpa baba yake mgongo, akitazama barabara. Kati ya mabega yao palikuwa na nafasi ambayo ungeweza kupitisha Biblia, si zaidi.

Mzee Onchari akapiga magoti kwa taabu, akamwosha Mokaya miguu polepole, kidole kwa kidole. Alipomaliza, shemasi mmoja akaja mbio kumwaga maji na kuleta mengine safi, kama inavyotakiwa. Onchari akalifunika beseni kwa mikono yake miwili, akasema liache. Shemasi akamtazama Mchungaji. Mchungaji akatikisa kichwa kumwambia aondoke. Onchari akalisukuma beseni chini ya benchi mpaka likatokea upande wangu, miguuni pa Hezron.

Nikapiga magoti. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo wetu, na jani la nyasi lilikuwa likielea. Nikamshika Hezron mguu wa kwanza nikautia ndani.

"Yamepoa," akasema kwa sauti ya chini.

"Yametoka mbali," nikamjibu.

Niliosha. Juu yangu nilisikia Mzee Mokaya akivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa kama majani makavu ya mahindi yakisuguana.

"Hezron. Neno nililolisema juu ya mkono wako, nalirudisha kinywani mwangu. Mungu anasikia, na hawa wanasikia. Siku yangu ikifika, wewe ndiwe utakayetupa udongo wa kwanza."

Hezron hakugeuka.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Mchungaji akanigusa begani. Maneno yalikuwa ya Ekegusii, hakuwa ameyapata. Nami, nikiwa bado nimepiga magoti, mikono imelowa, nikayatafsiri kama kazi inavyotaka. Sikusema amesema. Nilisema: neno nililolisema juu ya mkono wako, nalirudisha kinywani mwangu. Sijui ilikuwaje, lakini yalipopita kwangu hayakupita kama maneno ya mtu mwingine. Nilitamani yaendelee.

Mchungaji hakusema Amina. Aliketi kwenye nyasi na suti yake.

Tukaingia ndani kula mkate. Mzee Mokaya alikuwa na shida ya kumeza, na kipande kile kidogo kilimchukua muda mrefu. Kanisa zima lilimngoja. Kiongozi wa nyimbo alipoona bado anatafuna, akaanzisha ubeti upya, na tena, mpaka mzee akainua mkono kuonyesha kimeshuka.

Nimewaza sana juu ya siku ile. Bado sijui nani alilipwa, na kama kulikuwa na malipo. Sijui Mungu alikuwa upande upi wa benchi. Ninachojua ni kwamba mzee alikuja tayari kulipa kwa aibu yake yote, na hakuna aliyemruhusu. Ilimbidi apokee bure. Niliona kwamba hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kupiga magoti. Kama hicho ndicho wahubiri wangu walikuwa wakijaribu kukieleza miaka yote, basi wangeweza kutumia maneno machache zaidi, na koo langu lingewashukuru.

Upasuaji ulikwenda salama. Wakaondoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Nilisubiri mpaka aruhusiwe kunywa uji, nikaenda Kisii kumwona. Niliamini watanihitaji wodini: mzee asiyeweza kusema, madaktari wenye Kiingereza chao, jamaa waliojaa maswali. Nilikuwa nimenywa maji ya moto njiani kulainisha koo.

Nilimkuta Hezron ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe katika mkono wake uliopinda, kijiko katika ule mwingine. Mzee alinywa kidogo, akakunja uso, akausukuma mkono wa mwanawe. Uji ulikuwa wa moto. Hezron akapuliza, akamsogezea tena. Mzee akausukuma tena.

"Kama hutaki," Hezron akamwambia, "sema."

Mtu haongei hivyo na baba yake kwetu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka kutazama. Mzee Mokaya alimkazia mwanawe macho kwa kitambo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na yakaendelea kutikisika, kinywa wazi, bila sauti hata kidogo, machozi yakimtiririka, na Hezron akacheka kwa sauti ya kuwatosha wote wawili hadi uji ukamwagika kwenye shuka.

Hapakuwa na la kutafsiri. Nilitafuta kiti, nikaketi.